Kokoto Zinapodonoa Boneti: Mwongozo Kamili wa Kulinda Rangi ya Gari

Kila aliyewahi kuendesha barabara ya Dar kwenda Iringa anaijua ile sauti. "Ta!" Fupi, kavu, kama mtu kagonga bati kwa ukucha. Unatazama kioo cha mbele, kizima. Unashukuru Mungu, unaendelea na safari. Kesho yake unaosha gari, jua limeinama upande, ndipo unakiona: kidoa cheupe kwenye mdomo wa boneti, kikubwa kama punje ya ufuta, katikati kina nukta ya kijivu. Ukiinama vizuri unakuta vingine kumi na saba.

Hivyo kumi na vinane ni vyangu. Nilivihesabu baada ya safari moja ya kwenda na kurudi, wiki mbili tu tangu nilipie gari lipakwe seramiki, ile dawa ya majimaji inayokauka juu ya rangi na kuing'arisha. Kijana aliyenipakia alikuwa amenihakikishia, "Bosi, hii ikishakauka hata jiwe likija linateleza." Mawe yalikuja, hayakuteleza. Sikurudi kugombana naye. Gari lilikuwa linang'aa kweli kama alivyoahidi. Mimi ndiye niliyenunua mng'ao nikidhani nimenunua ngao.

Tangu hapo nimejifunza kwa fedha yangu, kwa kushinda gereji, na kwa kuharibu. Nitayapanga mambo kwa gharama: yasiyolipiwa kwanza, ya kulipia baadaye, na mwisho namna ya kuziba alama zilizokwisha kuingia, maana hata ufanye nini, moja mbili zitaingia.

Unene wa karatasi

Chini kabisa kuna bati. Juu yake kuna koti la kuzuia kutu, ambalo kiwandani hupakwa kwa kuzamisha bodi nzima kwenye birika la rangi na kupitisha umeme. Inafuata prima, yaani rangi ya msingi, mara nyingi ya kijivu. Halafu rangi yenyewe unayoiita nyeusi au fedha, halafu klia, lile tabaka angavu linalong'aa. Ukijumlisha yote kwa gari lililotoka kiwandani na halijapakwa tena, unapata kama mikroni 100 hadi 150, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya fotokopi ina mikroni kama 100. Kati ya bati lako na mvua, basi, kuna karatasi moja au moja na nusu.

Alama yenyewe itakuambia jiwe limefika wapi. Ikiwa nyeupe kwa juujuu, kama mkwaruzo, ni klia tu iliyopasuka. Ikiwa kijivu, jiwe limefika kwenye prima. Ikimetameta, au imeanza ukahawia, limefika kwenye bati, na hapo kutu imeshaanza kazi. Kwa mtu wa Tanga, Unguja au Mombasa kutu haihitaji mwezi. Chumvi ya bahari na unyevu wa hewa vinaisukuma.

Ila usihangaikie kila alama sawasawa. Bampa ni plastiki, haliwezi kushika kutu, kwa hiyo alama zake ni suala la sura tu. Boneti ndiyo ya kuangalia. Jaribu kubandika sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini: ikishika, boneti ni ya chuma, isiposhika mahali popote, ni ya aluminiamu, kama zilivyo za baadhi ya Subaru. Aluminiamu hailiki kwa kutu nyekundu, ingawa nayo huota unga mweupe chini ya rangi ikiachwa wazi. Sumaku ikishika pande zote isipokuwa sehemu moja, hapo pana puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati, na aliyekuuzia gari hakukwambia yote.

Mguu wa kulia ndio kinga ya kwanza

Jiwe linalorushwa na tairi la lori lililo mbele yako mara nyingi haliji kukupiga. Linapanda juu, linaelea kidogo, wewe ndiye unayelikimbilia. Ndiyo maana mwendo wako una uzito kuliko ukubwa wa jiwe. Nguvu ya pigo huongezeka kwa mraba wa mwendo: kokoto ileile ukikutana nayo kwa kilomita 100 kwa saa inapiga kwa nguvu karibu mara tatu ya ile ya kilomita 60. Kushuka kutoka 100 hadi 80 peke yake kunapunguza zaidi ya theluthi moja ya nguvu hiyo.

Malori ya masafa marefu, yale yanayokwenda Zambia na Kongo, yana matairi pacha nyuma. Jiwe hunasa katikati ya pacha, linazungushwa, kisha linaachiwa wakati wowote, hata kwenye lami safi isiyo na punje moja ya mchanga. Kwa hiyo usidanganywe na uzuri wa barabara. Ukiwa nyuma ya lori, chagua kibao au mti, lori likiupita, anza kuhesabu taratibu, "mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu." Ukiufikia kabla ya kumaliza, umesogea mno. Kwa mwendo wa 80 hizo sekunde tatu ni kama mita 67, na hicho ni kiwango cha usalama wa breki tu. Kwa ajili ya rangi, zidisha mara mbili.

Hatari kubwa kuliko zote ni lami mpya ya kumwagia kokoto, ile ambayo mafundi wanamwaga lami ya moto, wanatawanya kokoto juu, kisha wanaacha magari yaendelee kuzishindilia. Siku za mwanzo kokoto nyingi bado hazijashika. Ukiona kibao cha mwendo wa 30 au 40 mahali kama hapo, ujue kimewekwa kwa sababu. Utaona mabasi yanapita kama hakuna kitu, waache. Basi likikupita juu ya kokoto, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja, kabla halijarudi mbele yako. Wengi wetu hufanya kinyume, tunaona aibu kupitwa, tunaongeza, na boneti ndiyo inayolipia aibu hiyo.

Kwenye moramu nyembamba ukikutana na gari linalokuja, mwendo wako na wake vinajumlishwa. Punguza mapema. Halafu usihamie ukingoni kabisa kama hakuna haja: pembeni mwa njia ndiko changarawe zinakosukumiwa na matairi ya wengine, na ukikanyaga huko unarushia sketi zako mwenyewe, ile sehemu ya bodi iliyo chini ya milango.

Mipira ya matope

Watu wanalinda mbele na kusahau kwamba baadhi ya alama wanazojionea ni za matairi yao wenyewe. Angalia sehemu ya chini ya mlango wa mbele, nyuma tu ya tairi, na ule mdomo wa fenda ya nyuma unaotangulia tairi la nyuma. Kama pamepauka au pamekuwa kama ngozi ya chungwa, ni changarawe za tairi la mbele.

Dawa yake ni mipira ya matope, ile inayoning'inia nyuma ya tairi. Magari mengi yanayotoka Japani yakiwa yametumika huja bila hiyo, au na vipande vifupi vya urembo. Nunua inayolingana na gari lako ikiwezekana. Ikikosekana, mpira mnene unaokatwa unafanya kazi ileile. Kuna mambo matatu tu ya kuzingatia. Upana uzidi upana wa tairi, hasa kama umefunga tairi pana kuliko la asili. Usukani ukikatwa hadi mwisho tairi lisiguse mpira. Na skrubu ziwe zisizoshika kutu, kila tundu jipya kwenye bati lipakwe prima kabla ya kufunga, la sivyo unazuia kokoto na kualika kutu siku hiyohiyo.

Kwa gari la shamba au la porini, sketi zinaweza kupuliziwa ile rangi nyeusi ya mpira yenye chembechembe wanayopaka chini ya gari. Haipendezi, lakini inafyonza mapigo vizuri. Gari la kutembelea mjini usilifanyie hivyo, utajuta siku ya kuuza.

Vinavyouzwa kama kinga

Nta: inang'arisha, inafukuza maji, inarahisisha kufuta wadudu na mavi ya ndege. Kwa jiwe haina msaada wowote.

Seramiki ni hivyohivyo, ila hudumu zaidi. Tabaka lake likikauka lina mikroni chache tu. Wauzaji wanapenda kukuonyesha maandishi "9H" kwenye kichupa na kukuambia ni ugumu wa karibu na almasi. Hiyo 9H ni kipimo cha penseli: wanakwaruza tabaka kwa penseli za ugumu mbalimbali na kuona ipi inaacha alama. Haina uhusiano na kipimo cha ugumu wa mawe. Na hata lingekuwa gumu kama wanavyosema, kitu kigumu na chembamba kikipigwa na jiwe hupasuka pamoja na kilicho chini yake. Kinachozuia jiwe ni unene na ulaini, kitu kinachobonyea na kurudi.

Sidiria ya boneti, lile vazi la ngozi bandia linalofungwa mbele, lina unene wa kutosha. Tatizo vumbi huingia chini yake, gari likitikisika linageuka msasa, na maji ya mvua yakituama huko yanaacha rangi na ukungu. Kama unalo, lifunge siku ya safari na ulivue ukifika. Kinga ya boneti ya plastiki ngumu, tuliyoizoea kwenye Land Cruiser na Hilux, inasaidia ule mdomo wa mbele na kupeperusha wadudu. Kioo hakilindi, boneti yote hailindi, lakini mahali inapokaa inafanya kazi. Hakikisha haigusi rangi mahali pengine zaidi ya pale inapofungwa.

Na kwa safari moja tu, mfano unahama na gari kutoka Dar hadi Mbeya, kuna ujanja wa bei ya chai: ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Bandika mbele ya boneti na juu ya bampa mistari inayolaliana kidogo. Ivue siku hiyohiyo ukifika, kwenye kivuli, kwa kuikunja nyuma taratibu. Ukiiacha ikapigwa jua siku tatu, gundi itaiva na utajuta zaidi ya kokoto.

Stika angavu

Hii ndiyo ngao yenyewe. Mafundi wanaiita PPF: plastiki angavu ya poliurethani, laini, yenye gundi upande mmoja, unene wake mara nyingi mikroni 150 hadi 200. Yaani stika peke yake ni nene kuliko rangi yote iliyo chini yake. Asili yake ni jeshini: kampuni ya 3M ya Marekani ilitengeneza utepe wa aina hii miaka ya vita vya Vietnam ili kulinda mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga. Za siku hizi zina tabaka la juu ambalo mikwaruzo yake midogo hufutika yenyewe likipata joto, na jua letu linatosha.

Kuna aina ya bei rahisi ya PVC inayouzwa kwa jina hilohilo. Ni ngumu zaidi, mkwaruzo wake hauponi, hugeuka manjano na ikizeeka hukatika vipandevipande ukiivua, gundi ikibaki kwenye rangi. Omba kipande kidogo ukivute kwa vidole. Poliurethani hunyooka kama mpira wa manati na kurudi. PVC hunyooka na kubaki imelegea. Kisha kwaruza kipande hicho kwa ukucha, mwagia maji ya moto, uangalie. Fundi anayekataa kukupa hata kipande cha ukubwa wa kiganja, mwage kwa adabu.

Je, upake gari zima? Kwa maoni yangu hapana, labda kama gari ni jipya na fedha inakuwasha. Mawe hayapigi paa wala buti. Linda kwanza bampa la mbele, boneti, vioo vya pembeni na taa. Bajeti ikibana, boneti nusu ya mbele tu, ingawa mstari wa mwisho wa stika utaonekana na vumbi litapenda kukaa hapo. Bajeti ikibana zaidi, ule mdomo wa boneti, vioo vya pembeni na mdomo wa fenda za nyuma. Wanaosafiri mara mbili kwa mwaka, hizo zinawatosha.

Mambo mawili ya kukagua kabla hujalipa. Kwanza, kama gari limepakwa rangi gereji hivi karibuni, subiri si chini ya siku 30. Rangi mbichi bado inatoa mvuke wa tina na stika itaufungia ndani. Pili, kama rangi ya zamani imepakwa vibaya, siku ya kuvua stika rangi itafuata. Waambie wazi boneti imeshapakwa tena. Fundi mzuri mwenyewe atauliza.

Boneti na bampa mwachie fundi, hasa yule aliyezoea tinti na akapanda ngazi. Lakini sketi, mdomo wa fenda na sehemu ya chini ya vishikizo vya milango unaweza kujibandikia. Nilianza na mdomo wa fenda ya nyuma, kipande cha urefu wa mkono hadi kiwiko, nikaharibu kimoja na cha pili kikakaa. Fanya hivi.

Osha sehemu hiyo kwa sabuni, kwenye kivuli, asubuhi kabla upepo haujaanza kubeba vumbi. Madoa ya lami yatoe kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, kisha osha tena mpaka utelezi wa mafuta uishe. Pitisha kiganja: kama bado kuna vichembe vinavyokwaruza, tumia ule udongo laini wa kusafishia rangi pamoja na maji ya sabuni. Maliza kwa kufuta na spiriti safi ya isopropili, isiyo na mafuta wala manukato. Punje moja ya mchanga ikibaki chini ya stika utaiona kila siku ukifungua mlango.

Kata kiolezo kwa karatasi ya gazeti kwanza, si kwa stika. Pembe zikate ziwe za mviringo, kwani pembe kali ndiyo inayoanza kubanduka. Hamishia umbo kwenye stika ukakate juu ya meza. Usikate kamwe juu ya gari; wembe unapita stika na rangi pamoja, nawe utakuwa umechora njia ya kutu kwa mkono wako.

Andaa chupa mbili za kupuliza. Moja ina maji safi na matone machache ya shampuu ya watoto, hii ni ya kuteleza. Nyingine ina maji na spiriti kidogo, kama sehemu moja ya spiriti kwa tano za maji, hii ni ya kushika. Lowanisha vidole vyako, lowanisha gari, vua karatasi ya nyuma huku ukiipulizia gundi maji ya shampuu. Usiogope kulowanisha; stika kavu ikijigusa yenyewe ndiyo basi. Ilaze, iteleze mpaka ikae unapotaka. Sasa inua ukingo mmoja, pulizia maji ya spiriti, ushushe na uushike sekunde chache. Hapo ndipo pameshika. Kutoka hapo sukuma maji nje kwa kile kipande cha mpira wanachotumia mafundi wa tinti, mikupuo mifupi inayolaliana, kutoka katikati kwenda pembeni. Kwenye mkunjo wa fenda, pasha moto kidogo kwa draya ya nywele huku ukivuta taratibu. Ukivuta sana utaona mistari kama ya ngozi iliyonyooka baada ya uzazi. Legeza, pasha tena.

Mapovu madogo ya maji yakibaki yaache, yatakauka yenyewe ndani ya siku kadhaa. Usioshe gari wiki nzima. Na ukienda kwenye kuosha kwa presha, mwambie kijana akae mbali angalau hatua moja na asielekeze bomba ukingoni mwa stika. Watakuitikia "sawa mkubwa" na kufanya vilevile, kwa hiyo simama hapohapo.

Kuziba alama zilizokwisha kuingia

Stika haiponyi jeraha, huliweka kwenye fremu. Kwa hiyo ziba kwanza. Hata usipotaka stika, alama iliyofika kwenye bati izibe ndani ya wiki hiyohiyo.

Fundi wa kwanza niliyempelekea boneti yangu alisema tuipige yote upya. Alipitisha msasa juu ya rangi ya kiwandani iliyokuwa nzima kwa asilimia kubwa, akapuliza, na mwaka wa pili ikaanza kutoka magamba. Alama kumi na nane haziwezi kuhalalisha boneti nzima. Fundi wa pili, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alicheka aliponiona na bajeti ya kupuliza. "Kaka, hii kazi ni ya njiti." Akanionyesha, na tangu siku ile naifanya mwenyewe.

Anza na namba ya rangi. Kwenye Toyota nyingi za Japani kuna kibati chini ya boneti kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, na mbele ya herufi C/TR kuna namba ya tarakimu au herufi tatu: 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 nyeusi, 1F7 fedha. Peleka namba hiyo kwenye duka la kuchanganya rangi uombe kiasi kidogo kabisa. Waambie waipake kwenye kadi kwanza, uibebe hadi kwenye gari, uilinganishe juani. Rangi ya gari la miaka kumi na tano imeshapauka, namba peke yake haitoshi. Nyeupe ya lulu, 070, ina tabaka tatu na kuipata sawasawa kwa njiti ni kazi. Kubali kwamba itaonekana ukiikaribia. 040 kwa upande wake, kwenye magari mengi imepakwa bila klia. Ili kujua, sugua sehemu iliyojificha kwa kitambaa cheupe na polishi ya kukata. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hakuna klia, na hatua ya klia utairuka. Kwa nyeupe tumia kitambaa cheusi.

Fanya kazi kivulini, boneti ikiwa baridi, siku isiyo ya mvua. Unyevu mwingi huiachia klia ukungu mweupe usiofutika.

1. Osha, kausha, futa kwa spiriti. Nta ikibaki ndani ya tundu, rangi haishiki.

2. Kwa ncha ya sindano, kwangua kingo zilizolegea. Rangi inayonyanyuka ondoa mpaka ufike inayoshikilia. Kama kuna ukahawia, kunja kipande cha msasa namba 400 kiwe na ncha, kizungushe ndani ya tundu tu. Kutu ikibaki kwenye vijitundu, dondoshea dawa ya kugeuza kutu kwa njiti. Itabadilika kuwa nyeusi. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa.

3. Chovya ncha ya njiti ya meno kwenye prima, gusa katikati ya tundu, uache itiririke yenyewe hadi kingoni. Usipake kama unapaka ukuta. Ikauke.

4. Rangi, kwa njia hiyohiyo. Tabaka la kwanza litaonekana jembamba na la aibu, liache. Baada ya kama saa moja weka la pili, likibidi la tatu. Acha tundu libaki limezama kidogo chini ya usawa wa pembeni. Rangi za fedha na za kumetameta zitikise kichupa kila mara, maana zile chembe huzama chini na utapaka kijivu tupu.

5. Klia, tone moja, mpaka litokeze juu kama chunusi ndogo. Hapa wengi wanakosa subira. Likae wiki nzima.

6. Msasa namba 2000, uliolowekwa kwenye maji yenye sabuni, uufunge kwenye kifutio cha penseli ulichokikata kiwe na upana wa ukucha. Sugua ile chunusi peke yake, polepole, ukifuta na kuangalia kila baada ya mikupuo michache. Ukishafika usawa, badili uwe 3000, halafu polishi ya kukata kwa mkono. Ukiona maji ya msasa yameanza kubeba rangi ya gari badala ya maziwa meupe ya klia, simama hapo hapo.

Haitapotea kabisa. Ukisimama hatua mbili hutaiona, ukiweka pua utaiona, na bati limefungwa.

Hii kazi usiifanye kwa alama zote kumi na nane jioni moja. Baada ya ya saba mkono unachoka na msasa unaanza kutangatanga. Mimi huzipanga kwa ukubwa, zilizofika kwenye bati kwanza, tano kila Jumamosi, huku chai ikipoa juu ya tofali.

Rangi iliyobaki ihamishie kwenye kichupa kidogo cha kioo kinachokaribia kujaa. Hewa ikiwa nyingi ndani, inaganda. Bandika karatasi yenye namba ya rangi na tarehe. Kipindue mara moja ili rangi izibe mfuniko, kisha kiweke ndani ya nyumba mahali penye baridi, mbali na jiko na mikono ya watoto. Cha kwangu cha kwanza nilikiacha kwenye dashibodi. Kilifunguka kwa joto la saa nane mchana pale Chalinze, na zulia la gari mpaka leo lina doa la 1F7, linalolingana kabisa na mlango.